Nyota ya Vipande Tisa

Mfarishi wa viraka ni tandiko la matabaka matatu. Juu kuna uso ulioungwa kwa vipande vya vitambaa, katikati kuna tabaka la kuleta joto, na chini kuna kitambaa kizima kinachofunika mgongo. Matabaka hayo hushikamanishwa kwa mishono inayopita yote matatu. Uso haushonwi kwa mkupuo mmoja. Hujengwa kwa miraba mingi yenye ukubwa sawa. Kila mraba hushonwa peke yake kwa vipande vidogo mpaka ukamilike, ndipo miraba yote iunganishwe. Mraba mmoja wa namna hiyo utaitwa pande. Sura hii inaeleza jinsi ya kushona pande moja linalojulikana sana, nyota ya vipande tisa, kwa vitenge, khanga na marekani, vitambaa ambavyo mshonaji wa Haneti, wilayani Chamwino, anaweza kuvipata bila kuagiza chochote kutoka mbali.

Wengi huijua Haneti, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwa krisopraso, jiwe la kijani linalopata rangi yake kutokana na nikeli. Kwa mshonaji, hali ya hewa ndiyo yenye uzito zaidi. Uwanda wa kati uko juu. Jiji la Dodoma lenyewe liko meta zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Shuka moja haitoshi usiku huo. Mvua, ambayo kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mtama na uwele vikishavunwa, hufuata miezi mikavu ya upepo na vumbi, na huo ndio msimu unaofaa kushona: mikono ina nafasi, kitambaa kilichofuliwa asubuhi hukauka kabla ya adhuhuri, na baridi inakumbusha kwa nini kazi ifanywe.

Vipande navyo havikosi. Fundi cherehani anapokata gauni la kitenge hubakiwa na mikunjo ya shingo, pembe za kwapa na vibanzi vya pembeni. Kimoja kimoja havimfai kitu, lakini kiroba kikijaa huwa na rangi zote za mwaka ule. Mafundi wengine huvitumia kujazia mito, wengine huvichoma pamoja na takataka. Kwa mshonaji wa viraka hicho kiroba ni ghala.

Vitambaa vilivyopita Ugogo

Ugogo, nchi ya Wagogo ambamo Haneti imo, ulijua thamani ya kitambaa cha pamba kabla ya viwanda vya Tanzania kuwapo. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza nchi hii kavu, ambako mwenye kisima ndiye aliyekuwa na neno. Watawala wa Kigogo walidai hongo kabla ya msafara kuruhusiwa kupita na kuteka maji, na sehemu kubwa ya hongo hiyo ililipwa kwa vitambaa: merikani nyeupe isiyopaushwa, kaniki ya bluu nzito kutoka India, na vitambaa vya rangi vya Muscat na Gujarat. Henry Morton Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika kwa urefu juu ya doti alizotozwa kila alipofika kwa mtawala mwingine. Doti wakati huo ilikuwa mikono minane, yaani shuka mbili.

Merikani hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliizuia, na vitambaa vya Uingereza na India vikashika nafasi yake. Jina halikufutika. Mpaka leo kitambaa cheupe cha pamba kisichopaushwa huitwa marekani madukani, na hicho ndicho kitakachobeba nyota katika pande linaloelezwa hapa chini.

Kuunga miraba ili kupata kitambaa kikubwa pia si jambo geni kwa Waswahili. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 leso za mkononi zenye michoro ziliuzwa Zanzibar na Mombasa zikiwa bado zimeungana katika gora. Inasimuliwa kwamba wanawake, badala ya kununua leso mojamoja, walikata urefu wa leso sita, wakaugawa katikati, kisha wakazishona zile tatu ubavuni mwa tatu nyingine. Likatoka vazi la miraba sita. Waliotaka upekee walichanganya leso za michoro tofauti. Wafanyabiashara walipoona hivyo waliagiza kitambaa kilichochapwa kizima, na huko ndiko khanga ilikotokea. Kwa hiyo nyuma ya khanga, ambayo leo hukatwa kuwa viraka, kuna viraka vilivyoungwa kuwa vazi.

Ng'ambo ya bahari, katika wilaya ya Uttara Kannada jimboni Karnataka, India, wamo Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao wengi walipelekwa huko kupitia Goa wakati wa Wareno. Wanawake wao hushona tandiko liitwalo kawand kwa nguo kuukuu. Hawaanzi na pande. Hutandika sari ya zamani, huanza pembeni, na kuzunguka wakielekea kati, wakiongeza kiraka kimoja baada ya kingine kwa mishono midogo inayopita matabaka yote papo hapo. Mwishoni huweka katika kila pembe pembetatu ndogo ya kitambaa kilichokunjwa, ambayo wao huiita ua, na kwao kawand isiyo na maua hayo haijakamilika. Nchini Marekani, Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wa visa vya Biblia ulioonyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886 na ambao sasa umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walitumia suruali za kazi na magunia kutandika vitanda vyao, na mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston kama kazi za wasanii wakubwa, jambo ambalo lilistahili kufanyika miaka mingi kabla.

Njia ya Wasidi na njia ya mapande ni mbili tofauti. Ya kwanza inaruhusu mkono uamue kadiri unavyokwenda. Ya pili inadai hesabu kabla ya mkasi, na malipo yake ni umbo kamili: ncha zinazokutana, mistari inayonyooka kutoka pembe moja ya kitanda hadi nyingine.

Kuchagua vitambaa

Kabla ya rangi, kitu cha kuangalia ni uzi. Pamba tupu hutii pasi, hushika mkunjo na haitelezi chini ya mguu wa cherehani. Kitambaa chenye poliesta hurudisha mkunjo na kuvuta mshono. Vitenge vinavyouzwa kwenye minada na katika masoko ya Majengo na Sabasaba mjini Dodoma ni vya aina zote mbili, na jicho peke yake hudanganywa. Jaribio la moto halidanganyi. Nyuzi chache huchomolewa ukingoni na kuwashwa kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na huacha jivu la kijivu linalopukutika kwa kidole. Poliesta hunywea, hutoa moshi mweusi, na hubakiza tone gumu lisilovunjika. Mchanganyiko huwaka kisha huacha chembe ngumu ndani ya jivu.

Uzito wa kitambaa huja baada ya hapo. Khanga ni nyepesi kuliko kitenge, na khanga kuukuu ni nyepesi zaidi. Kipande chepesi kikishonwa kando ya kizito huchanika mapema, kwa kuwa mvuto wote wa kufua na kukamua hukiangukia. Ni bora mfarishi mzima uwe wa vitenge, au mzima wa khanga, kuliko kuvichanganya bila mpango. Khanga iliyochakaa katikati bado ina pindo imara, na humo hupatikana vipande vizuri. Khanga ambayo bado inavaliwa iachwe ivaliwe.

Kila kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa. Kitenge kipya huwa na wanga unaokifanya kiwe kikavu na chenye kung'aa. Wanga ukitoka, kitambaa hulainika na hupungua kidogo. Kisipopungua kabla ya kushonwa kitapungua baadaye, na pande zima litajikunja. Vitambaa vyekundu na vya bluu nzito hulowekwa peke yake pamoja na kitambaa kidogo cheupe. Cheupe kikitoka na doa, maji hubadilishwa mpaka kibaki cheupe. Kisichoacha kutoa rangi baada ya mara nyingi hakifai kulala kando ya marekani.

Kuhusu rangi yenyewe, kuna kosa linalowapata karibu wote wanaoanza na vitenge: huchagua vitambaa vikali vitupu. Chungwa kando ya kijani, nyekundu kando ya zambarau, kila kimoja kikipiga kelele, na mshono ukishakamilika nyota haionekani. Sababu ni kwamba umbo halitokani na ukali wa rangi. Hutokana na tofauti ya weupe na weusi kati ya kitambaa na kitambaa. Nyekundu ya kati na kijani ya kati ni rangi zinazopingana, lakini zina giza sawa. Zikitazamwa kwa macho yaliyofinywa, huonekana kuwa kitu kimoja. Njano huwa nyepesi karibu daima. Bluu ya kaniki na kahawia ya kahawa huwa nzito. Kwa hiyo vipande hupangwa kwanza kwa giza lao, kutoka cheupe hadi cheusi, kabla ya kupangwa kwa rangi. Njia rahisi ya kupima ni kuvitandaza chini, kurudi hatua chache na kufinya macho. Kilichozama hakina tofauti ya kutosha. Picha ya simu iliyoondolewa rangi hutoa jibu lilelile kwa uhakika zaidi.

Mchoro wa kitenge nao huleta swali. Michoro mingi ya vitenge ni mikubwa: ndege, maua ya upana wa sahani, miduara inayozunguka miduara. Ikikatwa vipande vya sentimeta 10, ndege hugeuka kuwa doa la bluu na mkia usio na mwenyewe. Si lazima hilo liwe hasara. Kitenge cha mchoro mkubwa hukatika kuwa vipande vinavyotofautiana, na nyota mbili za kitambaa kimoja hazifanani kamwe. Lakini katikati ya nyota panahitaji utulivu au panahitaji kusudi. Utulivu hupatikana kwa kitambaa cha mchoro mdogo sana. Kusudi hupatikana kwa kuchagua sehemu ya mchoro na kuikata ikae katikati barabara, kwa mfano korosho moja ya khanga ya mtindo wa zamani. Hapo hutumika kiolezo chenye dirisha: kipande cha boksi kilichotobolewa mraba wa sentimeta 10, kinachosogezwa juu ya kitambaa mpaka korosho iingie ndani ya dirisha ilivyotakiwa.

Usuli wa nyota, yaani eneo linaloizunguka, uwe marekani au popolini ya rangi moja, nyepesi. Wapo watakaoona ni unyonge kuweka kitambaa kitupu katikati ya sherehe ya vitenge. Wakishona pande moja kwa usuli wa kitenge na jingine kwa usuli wa marekani, kisha wakayaning'iniza pamoja ukutani, ubishi huisha.

Kupima na kukata

Pande la nyota lina safu tatu za miraba mitatu. Mraba wa kati ni wa kitambaa cha nyota. Miraba minne ya pembeni kabisa, yaani ya pembe, ni ya usuli. Miraba minne iliyobaki, juu, chini, kushoto na kulia, imegawanyika kwa mshazari: nusu nyota, nusu usuli. Hiyo minne ndiyo inayotoa ncha. Nchini Marekani pande hili hujulikana kama Nyota ya Urafiki, na limependwa na wanaoanza kwa sababu lina mishazari minne tu.

Kipimo kinachofaa vitenge ni mraba mmoja wa sentimeta 10 baada ya kushonwa, hivyo pande zima huwa sentimeta 30 kwa 30. Kila ukingo huongezewa akiba ya mshono. Wamarekani hutumia robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kwa kitambaa kinachochomoka nyuzi, na tandiko litakalofuliwa kwa mikono na kukamuliwa kwa nguvu, milimita 7.5 ni salama zaidi. Mraba wa kukata basi ni sentimeta 10 kuongeza 0.75 mara mbili, yaani 11.5. Pande ambalo limekamilika lakini halijaunganishwa na jingine hupimwa sentimeta 31.5.

Miraba ya mshazari hukatwa mikubwa kidogo, sentimeta 13, kwa sababu itapunguzwa baada ya kushonwa. Kwa pande moja huhitajika hivi: kutoka kitambaa cha nyota, mraba mmoja wa 11.5 na miwili ya 13; kutoka usuli, miraba minne ya 11.5 na miwili ya 13.

Kiolezo cha boksi hufaa, ila kingo zake hulika na kalamu, na baada ya kuchora miraba mingi kiolezo huwa kimepungua bila mtu kutambua. Filamu ya zamani ya eksirei hudumu zaidi na inaonyesha mchoro ulio chini yake. Uhakika wa kiolezo haupatikani kwa kupima pande zake nne tu, kwani umbo lililolala kidogo laweza kuwa na pande nne sawa. Hupimwa mishazari. Katika mraba wa sentimeta 11.5 mishazari yote miwili lazima iwe karibu 16.3.

Kiolezo hulazwa kwa kufuata nyuzi za kitambaa, mtande na mshindio, wala si kwa kufuata mchoro uliochapwa, maana mchoro wa kitenge mara nyingi huwa umechapwa kombo. Kitambaa kilichokatwa kwa mshazari wa nyuzi hunyumbuka, na mraba wenye kingo za mshazari hautabaki mraba hata siku moja. Ukingo wa kiwandani, ule uliofumwa kwa kubana, hukatwa na kuwekwa kando. Kuchora hufanywa upande wa nyuma kwa chaki iliyochongwa au penseli kali. Mstari mnene wa chaki una upana wa milimita mbili, na milimita mbili katika kazi hii ni nyingi.

Ni nyingi kiasi gani? Mshono mmoja ukila milimita moja zaidi kila upande, hula milimita mbili kwa jumla. Safu ya pande moja ina mishono miwili: milimita nne zimepotea. Upana wa mapande matano una mishono 14, kumi ndani ya mapande na minne kati yake, na hapo upungufu ni milimita 28, karibu sentimeta tatu. Hata hivyo upungufu huo hauharibu kitu kama upo sawa kila mahali; tandiko huwa dogo kidogo, basi. Kinachoharibu ni kubadilika. Pande moja la sentimeta 31 likikutana na la 32, hakuna kuvuta wala kukunja kutakakoficha. Ndiyo maana mshonaji mwenye mshono mpana lakini wa daima hufanya kazi nzuri kuliko mwenye mshono sahihi leo na wa kubahatisha kesho.

Kushona

Cherehani ya miguu inatosha kabisa. Sindano namba 14 hufaa kitenge, uzi uwe wa pamba au wa kawaida wa fundi usioteleza, na mshono uwe wa milimita mbili hadi mbili na nusu. Kwenye bamba la chuma chini ya mguu, umbali wa milimita 7.5 kutoka sindanoni, hubandikwa kipande cha plasta kiwe ukuta wa kuongozea ukingo wa kitambaa. Kabla ya kugusa pande, ukuta huo hujaribiwa: vibanzi vitatu vya upana wa sentimeta 4 hushonwa ubavu kwa ubavu na kupigwa pasi. Kibanzi cha kati kikipimwa kiwe sentimeta 2.5 kamili. Kikipungua, plasta isogezwe karibu na sindano. Kikizidi, isogezwe mbali.

Mishazari hushonwa kwanza. Mraba mmoja wa nyota na mmoja wa usuli, yote ya sentimeta 13, hulazwa uso kwa uso. Nyuma ya ule mwepesi huchorwa mstari kutoka pembe hadi pembe. Mshono hupita milimita 7.5 upande mmoja wa mstari, kisha milimita 7.5 upande wa pili, na mkasi hupita juu ya mstari wenyewe. Hufunguka miraba miwili, kila mmoja nusu nyota na nusu usuli. Njia hii huepusha kukata pembetatu mojamoja na kushika ukingo wa mshazari mkononi, ukingo ambao hunyumbuka ukitazamwa tu. Miraba miwili ya kila rangi hutoa minne, hesabu inayotakiwa.

Pasi huja hapa, na pasi ya mkaa ina masharti yake. Mkaa ukolee kwanza nje na jivu lipeperushwe, la sivyo marekani itapata madoa ya kijivu ambayo hayatoki kirahisi. Pasi huwekwa na kuinuliwa, haisuguliwi mbele na nyuma, kwa sababu msuguo huvuta mshazari. Akiba ya mshono hulazwa upande wa kitambaa kizito ili isionekane chini ya chepesi. Baada ya pasi, mraba wa mshazari huwa na karibu sentimeta 11.9. Hupunguzwa hadi 11.5 kwa kiolezo kilichochorwa mstari wa mshazari: mstari wa kiolezo ukae juu ya mshono, kisha pande zote nne zikatwe. Wanaoruka hatua hii kwa kuona ni kupoteza kitambaa ndio ambao ncha za nyota zao hukatika baadaye.

Vipande tisa hutandazwa mezani kabla ya kushonwa. Katika kila mraba wa mshazari, nusu ya nyota lazima iguse mraba wa kati kwa upande mzima, na ncha zote nne zielekee mzunguko mmoja. Ncha moja ikigeuka kinyume, kinachoonekana si nyota tena. Kosa hili halionekani kipande kikiwa chini ya sindano; huonekana mezani tu, na dakika moja ya kutazama huokoa saa ya kufumua kwa wembe.

Kisha kila safu hushonwa kuwa utepe. Pasi ya safu ya kwanza na ya tatu hulaza akiba kuelekea pembe, ya safu ya pili huilaza kuelekea kati. Safu zinapokutana, akiba za juu na za chini huwa zimeelekea pande tofauti, na kwa kugusa tu kidole husikia mishono miwili ikifungana bila uvimbe. Hapo ndipo pini huchomwa, kwenye makutano, si mahali pengine. Kanuni hii inavunja ile ya kulaza akiba upande mzito, kwa kuwa katika safu mbili akiba inaangukia marekani. Makutano yaliyonyooka yana thamani zaidi. Kivuli kikionekana, ukingo wa kitambaa kizito hupunguzwa milimita moja au mbili ndani ya akiba, nacho hupotea.

Wanaoshona mapande mengi hawashoni pande moja hadi mwisho. Hushona jozi zote za hatua moja zikifuatana chini ya mguu bila kukata uzi katikati, kisha hukata viungo vyote kwa pamoja. Uzi mwingi huokolewa, na mkono ukishazoea mshono mmoja huurudia kwa usawa. Asiye na cherehani hushona kwa mkono juu ya mstari wa penseli, mishono midogo ya mbele, akirudi nyuma mara moja kila baada ya mishono minne au mitano ili uzi ukikatika mahali pamoja usifumuke wote. Kazi ya mkono huchukua muda mrefu zaidi, na makutano yake mara nyingi huwa safi kuliko ya cherehani.

Kuunganisha mapande

Kitanda cha futi 4 kwa 6 hutandikwa vizuri na mapande 35, matano kwa saba, yaani sentimeta 150 kwa 210. Si lazima yote yawe nyota. Nyota 18 zikipishana na miraba 17 mitupu ya marekani, kila nyota hupata nafasi ya kupumua na kazi hupungua kwa nusu. Marekani ya upana wa sentimeta 115 inayohitajika kwa usuli na miraba hiyo mitupu ni mita tatu na robo tatu, kukiwa na akiba ya kupungua majini. Vipande vya nyota hutoka katika kile kiroba cha fundi.

Mapande hupangwa sakafuni juu ya mkeka kwa siku moja au mbili kabla ya kushonwa, ili nyota nzito zisirundikane pembe moja. Hushonwa safu kwa safu, akiba za safu zinazokutana zikilazwa pande tofauti kama ilivyofanywa ndani ya pande.

Tabaka la kati kwa baridi ya Haneti laweza kuwa blanketi jepesi lililochakaa, lililofuliwa. Pamba ya kuchambua ni laini na yenye joto zaidi, lakini hukimbilia pembeni isiposhonwa kwa kukaribiana. Mgongo huwa vitenge viwili vilivyoungwa au marekani, na hukatwa mkubwa kuliko uso kwa sentimeta 5 kila upande. Matabaka hutandazwa, hulainishwa kutoka kati kwenda nje, na hupigwa bandi ndefu za muda kila umbali wa kiganja. Ndipo mishono ya kudumu ipite, kwa mkono au cherehani, ikifuata mipaka ya nyota. Kwa blanketi nafasi ya sentimeta 10 kati ya mshono na mshono inatosha. Kwa pamba isizidi 5. Bandi zikishafumuliwa, kingo hufungwa kwa utepe wa upana wa sentimeta 6 uliokunjwa mara mbili. Mzunguko wa tandiko hili ni mita 7.2, na tepe saba zilizokatwa kwa upana wote wa kitambaa huufunika na kubakiza kidogo cha pembe.

Mfarishi hufuliwa kwa maji baridi, hukandamizwa badala ya kunyongwa, na huanikwa kivulini juu ya kamba mbili ili uzito ugawanyike. Jua la Dodoma la Septemba hupausha kitenge chekundu kwa muda mfupi. Kiraka kikichanika, kingine cha sentimeta 11.5 hukunjwa akiba yake ndani, hupigwa pasi na kushonwa juu ya kilichochakaa kwa mishono iliyofichwa ukingoni. Kwa hiyo mabaki ya kila kitambaa kilichotumika hufungwa pamoja na kuhifadhiwa tangu siku ya kwanza.